Nduthi Kwa Ufuo Mombasa: Ni Wapi Ruhusa, Ni Wapi Ngori?

Umeona zile video: msee, nduthi, mchanga mweupe, maji yakiruka kwa tairi. Na wewe uko Mombasa, bahari iko kila upande, tanki imejaa. Swali linakuja, ni ufuo gani wa umma unaruhusiwa kupiga nduthi bila karao kukuandama?

Jibu fupi halitakufurahisha. Ndani ya kisiwa hakuna ufuo wa umma uliotengewa nduthi. Lakini ukijua sheria inasemaje, bado Sunday yako inaweza kuwa fiti.

"Ya umma" haimaanishi barabara

Hapa ndipo wasee wengi hujichanganya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Inashikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba yetu, na msimamizi wake ni Tume ya Ardhi, NLC. Kwa hivyo hakuna hoteli inayoweza kusema mchanga huo ni wake.

Lakini haki hiyo ni yako sawa na ya mtoto anayechimba shimo na tairi ya kuogelea shingoni. Ufuo kuwa wa wote ndiyo sababu huwezi kuugeuza uwanja wako wa mbio. Jamaa wa ngamia akikwambia "pita tu mzee, hakuna noma", hiyo si ruhusa. Ruhusa ina karatasi.

Ramani yako

*Mji wa Kale.* Pale Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, bahari iko karibu lakini ni mawe na kuta. Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba, na watoto hutokea mlangoni moja kwa moja. Egesha, tembea, kula mahamri.

*Mama Ngina na Lighthouse.* Hapa utapata upepo, mihogo, madafu na view ya meli zikiingia. Chini ni miamba. Nduthi inabaki barabarani na kwa parking, si kwa njia ya wapita miguu.

*Jomo Kenyatta Public Beach, Bamburi.* Wengi wanaiita Pirates. Vuka daraja la Nyali, fuata barabara ya Malindi. Wikendi inajaa familia hadi mchanga hauonekani, kwa hivyo kuingia na nduthi hapo ni kutafuta ajali. Isitoshe, bahari ya upande huo iko chini ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa 1986, na inasimamiwa na KWS.

*Shelly Beach, Likoni.* Hii ni ya kuvuka feri. Ukienda kwa miguu ni bure, lakini nduthi inalipiwa. Ukifika, sheria ni ile ile: egesha juu, shuka kwa miguu.

Kwani mchanga una shida gani?

Kwanza, kasa. Hutaga mayai juu kidogo ya maji yanapofika, na hukaa mchangani takriban miezi miwili. Huoni kitu, unapita, kiota kimekwisha. Hata alama ya tairi ni mtego, kasa mdogo akitumbukia humo hafiki baharini. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda.

Pili, maji yenyewe. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Nduthi ikizama kwenye mchanga laini, bahari haitakungoja utafute mbogi ya kusukuma. Na kama hiyo nduthi ndiyo inalipa rent, umepoteza kazi kwa sababu ya video ya sekunde 15.

Njia halali zipo

1. *Ardhi ya mtu binafsi.* Tafuta plot ya wazi iliyo juu ya alama ya maji kujaa, na mwenyewe akubali kwa maandishi.

2. *Event iliyofungwa.* Kule Le Touquet, Ufaransa, mbio za nduthi ufuoni zilianza 1975, lakini kuna mipaka, waokoaji na mpangilio. Klabu yenu ikitaka kitu kama hicho, anzeni na kaunti na polisi mapema, pamoja na KWS kama ni eneo la hifadhi. Afrika Kusini walikaza zaidi: tangu sheria ya 2001, kuendesha gari au nduthi ufuoni kwa raha tu ni marufuku.

3. *Lami kando ya bahari.* Piga raundi ya Mama Ngina jioni, au vuka uende hadi Diani. Beba leseni ya nduthi na bima iliyo hai, vaa helmet na reflekta, na abiria ni mmoja tu.

Ukirudi home, osha nduthi na maji baridi, hasa cheni na breki, kisha paka cheni oil. Chumvi ya Mombasa inakula chuma hata kama hukukanyaga mchanga.

Picha bado utapata. Egesha ukutani pale Lighthouse jua likizama, bahari iwe nyuma yako. Hakuna kasa ameumia, na kesho nduthi bado iko kazini.