Nani Aliufunga Mwamba? Matumbawe na Wavuvi wa Pwani ya Kenya

Magofu ya Gedi na ya Kilwa Kisiwani ni bahari iliyopandishwa nchi kavu. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa ardhini. Mihrabu na fremu za milango zilihitaji tumbawe jingine, lile lililokatwa likiwa hai majini, ambalo ni laini likiwa bichi na huwa gumu likikauka. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa magogo. Kwa hiyo si kweli kwamba mababu hawakuugusa mwamba. Waliugusa sana, ila kwa shoka na mtumbwi, na bahari ilikuwa na nafasi ya kupumua.

Historia ya kuufunga mwamba kisheria huanzia mwaka 1968, Kenya ilipotangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, za kwanza nchini humo. Mombasa ikafuata mwaka 1986. Samaki waliongezeka ndani ya hifadhi hizo, hilo halina ubishi. Lakini mpaka ulichorwa ofisini, na aliyeamka akakuta bahari yake imekuwa marufuku ni mvuvi. Ndiyo maana serikali ilipotangaza hifadhi ya Diani-Chale mwaka 1995, wavuvi walikataa katakata. Walikuwa wameona yaliyowapata wenzao wa Mombasa. Hifadhi hiyo ilibaki kwenye gazeti la serikali tu. Waandishi wengi hulitaja tukio hili kama kushindwa kwa uhifadhi. Mimi naliona kama ushahidi kwamba wavuvi walikuwa na hoja ambayo hakuna aliyeiuliza.

Kisha ukaja mwaka 1998. Joto la El Niño liliyapausha matumbawe kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na katika sehemu nyingi zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. (Mwaka huohuo Great Barrier Reef, fahari ya nchi hii tunamosomea, nayo ilipauka.) Mwamba uliokufa huvunjika ukawa kokoto, na kokoto zikiviringishwa na mawimbi husaga kila tumbawe changa linalojaribu kushika. Ukiongeza juya linalokokotwa juu yake, hakuna kinachoota.

Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kilifi, hali ilikuwa hiyo. Samaki walikuwa wamepungua, na wengine walivuliwa wangali hai ili wauzwe kwa wafugaji wa samaki wa mapambo ng'ambo. Mwaka 2003 wakazi waliunda chama chao, na mwaka 2005 wakafunga eneo la hekta 30 hivi, la kwanza nchini kusimamiwa na jamii yenyewe. Kanuni zilizovipa vikundi vya ufukweni, yaani BMU, uwezo wa kisheria zilikuja mwaka 2007. Yaani watu walitangulia, sheria ikafuata. Si jambo dogo kumwambia jirani anayelisha watoto kwa mshipi na madema kwamba asitupe mshipi pale alipotupa babake. Serikali ikisema hivyo, jirani huchukia serikali. Wewe ukisema hivyo, bado mtakutana sokoni na msibani. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Upandaji wa matumbawe ulikuja baadaye, na nadhani mpangilio huo ndio siri yake. Vipande vilivyovunjika hupachikwa kwenye vishikizo vya saruji, hulelewa kwenye meza chini ya maji kwa miezi kadhaa, kisha hupandwa mwambani. Kusini, Wasini na Mkwiro, kazi kama hiyo inaendelea. Lakini tumbawe lililopandwa huhitaji pono na tafi wa kula mwani unaolifunika, na samaki hao hubaki pale tu ambapo mvuvi amekubali kuwaacha. Kupanda bila makubaliano hayo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hapa Sydney tunayo hadithi inayokaribiana. Mwani wa crayweed ulitoweka kwenye takriban kilomita 70 za pwani ya jiji hili, na maji taka ndiyo yanayoshukiwa. Mabomba ya kuyapeleka mbali baharini yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, maji yakawa safi, lakini mwani haukurudi wenyewe. Mradi wa Operation Crayweed ulianza kuupandikiza upya, wakazi wa fukwe wakishiriki. Tofauti ni kwamba hakuna mtu wa Bondi aliyelala njaa kwa kukosa crayweed.

Mwaka 2024 joto lilirudi, na matumbawe yakapauka tena, Kenya na Australia pia. Hekta 30 za Kuruwitu haziwezi kuyazuia maji ya moto yasivuke maboya yake. Zinachoweza ni kuwa na samaki na matumbawe ya kutosha ili baada ya joto kuwe na cha kuanzia, na hilo linategemea kama wavuvi wa leo, ambao wengi wao walikuwa watoto mwaka 2005, wataendelea kukubali.