Eksosomu na kipara: safari ndefu kutoka damu ya kondoo hadi sindano ya kichwani

Simu haina mpaka. Tangazo la kliniki ya Seoul au Miami linaweza kusomwa Bukavu na Lubumbashi dakika ileile. Kichwa kimoja kinaonyeshwa mara mbili: kwanza utosi unaong'aa, kisha utosi uliojaa nywele. Chini yake kuna neno ambalo wengi hawajawahi kulisikia: eksosomu. Katika kliniki za nchi tajiri, matibabu hayo yanalipiwa mamia ya dola, na mara nyingi maelfu. Kabla mtu hajatoa akiba yake, ni vizuri ajue neno hilo lilitoka wapi na limefika wapi.

Mafuta ya kiboko na chupa za masista saba

Kutafuta dawa ya kipara si jambo la leo. Wamisri wa zamani waliandika dawa zao katika kitabu kinachoitwa Papirusi ya Ebers, karibu mwaka wa 1550 kabla ya Yesu Kristo. Kwa mtu aliyepoteza nywele, waliagiza mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani yachanganywe na kupakwa kichwani.

Mwishoni mwa karne ya 19 huko Marekani, ndugu saba wa kike wa familia ya Sutherland, kutoka jimbo la New York, walijulikana sana kwa nywele zao ndefu zilizoshuka karibu na sakafu. Waliimba mbele ya watu, kisha familia ikauza chupa za maji ya kuotesha nywele. Chupa hizo ziliwaletea utajiri mkubwa. Watu walinunua kwa sababu ya nywele walizoziona jukwaani. Hakuna aliyewaonyesha kwamba nywele hizo zilitoka kwenye chupa.

Namna hiyo ya kuuza haijafa. Picha ya kabla na picha ya baada inafanya leo kazi iliyofanywa zamani na nywele za masista hao.

Dawa iliyopimwa miaka 17

Lakini kuna njia nyingine, na historia yake inasaidia kupima kila ahadi mpya. Katika miaka ya 1960, kampuni ya Upjohn ya Marekani ilikuwa na dawa ya shinikizo la damu iliyoitwa minoxidil. Mwaka wa 1971, madaktari waliokuwa wakiijaribu kwa wagonjwa wa shinikizo waliona jambo la ajabu: nywele zilianza kuota usoni, mikononi na kichwani.

Mtu mwingine angefungua kliniki kesho yake. Hapa haikuwa hivyo. Dawa ilibadilishwa ikawa maji ya kupaka. Watu wengi waligawanywa makundi: wengine walipewa dawa yenyewe, wengine maji yasiyo na dawa, bila wao kujua nani amepata nini. Nywele zao zilihesabiwa. Serikali ya Marekani iliruhusu minoxidil ya kupaka kwa wanaume mwaka wa 1988, na kwa wanawake mwaka wa 1991. Tangu kuonekana kwa nywele zile za kwanza hadi ruhusa hiyo ya 1988, ilipita miaka 17.

Dawa ya pili, finasteride, iliruhusiwa kwa upara wa wanaume mwaka wa 1997. Hata hizo mbili haziponyeshi kipara moja kwa moja. Zinasaidia wengine na kuwaacha wengine, na anayeacha kuzitumia hupoteza nywele alizopata. Lakini mipaka yao inajulikana, kwa sababu zilipimwa.

Montreal, 1983: takataka za seli

Eksosomu hazikuanzia kwenye nywele. Zilianzia kwenye damu ya kondoo.

Mwaka wa 1983, mwanamke mmoja, Rose Johnstone, mtafiti wa biokemia katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Canada, alikuwa akichunguza jinsi chembe nyekundu za damu zinavyokomaa. Alizaliwa Poland mwaka wa 1928, akafika Canada akiwa mtoto. Alijua kwamba chembe changa ina milango mingi ya kupokea madini ya chuma. Ikikomaa, milango hiyo haipo tena. Swali lake lilikuwa rahisi: inaenda wapi?

Yeye na wenzake waliona kwamba chembe inaifunga milango hiyo ndani ya vifuko vidogo sana, kisha inavitupa nje. Mwaka uleule, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis, Marekani, waliona jambo hilohilo kwenye damu ya panya. Mwaka wa 1987 Johnstone na wenzake waliviita vifuko hivyo eksosomu. Ni vidogo mno: kwa kawaida kati ya nanomita 30 na 150, na milimita moja ina nanomita milioni moja.

Kwa miaka mingi, watafiti wengi waliona ni mifuko ya takataka tu. Seli inafagia nyumba yake, basi. Ni wachache waliotaka kufuata takataka.

Takataka zageuka barua

Mwaka wa 1996, Graça Raposo na wenzake walionyesha kwamba seli za kinga ya mwili zinatoa vifuko kama hivyo, na kwamba vifuko hivyo vinaweza kuamsha seli nyingine za kinga. Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Jan Lötvall, walikuta RNA ndani yake, yaani maandishi ambayo seli inayatumia kutengeneza protini. Walichukua vifuko kutoka seli za panya wakavipeleka kwenye seli za binadamu. Seli za binadamu zikaanza kutengeneza protini za panya.

Habari hiyo ilibadilisha mengi. Vifuko vilivyoonekana kama takataka vilikuwa vinabeba ujumbe, kama barua inayotoka nyumba moja kwenda nyingine. Watafiti wakajiuliza: kama seli zinaandikiana barua, je, inawezekana kuipelekea seli iliyochoka barua ya kuiamsha?

Hapo ndipo nywele zilipoingia. Kila unywele unaota kutoka shimo dogo la ngozi, kinyweleo, na chini yake kuna seli zinazouamuru ukue au upumzike. Katika kipara cha kurithi, vinyweleo vinapungua ukubwa kidogo kidogo na kutoa nywele nyembamba, mpaka zisionekane tena. Katika maabara, eksosomu zilizotoka kwenye seli hizo, au kwenye seli shina, zilisukuma vinyweleo vya panya kurudi katika kipindi cha kuota. Ni matokeo ya kweli yanayoleta matumaini. Lakini ni ya panya.

Biashara yatangulia

Wauzaji hawakungoja. Kliniki za Marekani zilianza kuuza sindano za eksosomu kwa magonjwa mengi na kwa nywele pia, nyingine zikitumia bidhaa zilizotoka kwenye kondo la nyuma la wazazi. Korea ya Kusini ikawa soko kubwa la maji ya urembo yenye eksosomu, yanayopakwa baada ya ngozi kutobolewa kwa sindano ndogo ndogo.

Desemba 2019, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa, FDA, lilitoa onyo kwa raia. Wagonjwa katika jimbo la Nebraska walikuwa wamepata madhara makali baada ya kutibiwa kwa bidhaa zilizouzwa kama eksosomu, na bidhaa hizo hazikuwa na ruhusa. FDA ilisema wazi kwamba hakuna bidhaa yoyote ya eksosomu iliyoruhusu kwa matibabu. Barani Ulaya, sheria ya vipodozi inakataza kutumia seli za binadamu au kitu kinachotoka kwenye seli hizo. Ndiyo sababu baadhi ya wauzaji waligeukia eksosomu za mimea.

Shida si kwamba wazo ni la uongo. Shida ni kwamba neno moja linafunika vitu vingi. Chupa moja imetoka kwenye seli za mafuta ya mwili, nyingine kwenye kondo, nyingine kwenye ua. Kiasi kinatofautiana, namna ya kusafisha inatofautiana. Majaribio mengi kwa binadamu yamefanywa kwa watu wachache, na mara nyingi bila kundi la kulinganisha. Barua imefika, lakini hakuna anayejua vizuri kilichoandikwa ndani.

Nywele zinazovutwa

Kuna upotevu mwingine wa nywele ambao wanawake wengi wa Kongo wanaujua bila kuambiwa: ule wa pembeni mwa uso, unaoletwa na misuko iliyokazwa na meshi nzito. Nao una historia. Mwaka wa 1907, daktari aliyeitwa Trebitsch aliueleza kwa wanawake wa Greenland, kwenye barafu ya kaskazini, waliokuwa wakifunga nywele zao juu kwa nguvu. Kwa hiyo tatizo halitokani na aina ya nywele wala rangi ya ngozi. Linatokana na kuvutwa.

Ukigunduliwa mapema, kulegeza msuko na kupumzisha kichwa kunaweza kurudisha nywele, bila dola hata moja. Ukiachwa miaka, kinyweleo kinakufa na kubaki kovu. Kovu halisomi barua, hata iwe imetoka kwenye maabara gani.

Ifahamike kwamba Rose Johnstone alifariki mwaka wa 2009, miaka kumi kabla ya onyo la Nebraska. Hakuahidi mtu nywele. Alijiuliza kitu kinaenda wapi, akakifuata mpaka akakiona. Anayeonyeshwa chupa ya eksosomu leo anaweza kufanya vilevile, kwa maswali matatu: Imetoka kwenye seli gani? Nani ameiruhusu? Imepimwa kwa watu wangapi, na ikilinganishwa na nini? Muuzaji asiye na majibu anauza picha mbili tu, kama vile familia ya Sutherland ilivyouza nywele za jukwaani.