Hisia Nzito na Migogoro ya Familia katika Vitabu na Filamu: Historia Fupi kwa Mwalimu na Mtahiniwa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, swali kuhusu migogoro ya kifamilia haliko mbali nawe. Aghalabu tunalijibu kwa orodha: ulevi, talaka, ukatili, utelekezaji wa watoto. Orodha hiyo huvuna alama, lakini haielezi ni kwa nini jamii yetu iliamua kuyaweka mambo haya vitabuni, wala ni kwa nini mwanafunzi fulani hunyamaza ghafla sura fulani inaposomwa darasani. Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kurejelea historia, kuanzia hapa kwetu Nyamache na Gusii kwa jumla, hadi pwani na visiwani.

Kabla ya kitabu

Tuanzie nyumbani. Kati ya 1955 na 1957, watafiti Robert na Barbara LeVine waliishi Gusii wakichunguza malezi na maisha ya familia. Waliandika kwa kina kuhusu chinsoni, yaani kanuni za heshima na haya zinazotawala uhusiano wa vizazi vinavyofuatana. Baba na mwanawe mtu mzima hawakuweza kuzungumzia mapenzi, unyumba wala fedheha za ndoa. Baba hakuingia ovyo katika nyumba ya mwanawe. Hata hivyo, kanuni hizo ziliacha mlango mmoja wazi: babu na nyanya waliruhusiwa kutaniana na wajukuu na kuwasimulia mengi ambayo mzazi hangethubutu kuyatamka.

Hebu tutafakari maana ya jambo hili. Ngano ya mama wa kambo mwenye roho mbaya au ya ndugu aliyemdhulumu nduguye haikuwa burudani tu. Mtoto aliyeonewa nyumbani aliisikia habari yake bila ya jina lake kutajwa. Alilia kwa ajili ya mhusika, na hakuna aliyemuuliza kwa nini analia. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya fasihi katika mada yetu: kuyasema yasiyosemeka kupitia kwa mtu wa tatu.

Siku hizi nyanya wengi hawaishi tena karibu na wajukuu, na watoto wengi wa Gusii hulala katika mabweni. Mabishano yenyewe hayajapungua. Ardhi imegawanywa hadi ikawa vipande vidogo, na kila mwaka bonasi ya majani chai inapolipwa, baadhi ya nyumba huanza kugombana kabla pesa hazijahesabiwa. Mtoto huyaona hayo yote, kisha huja shuleni na kufungua kitabu teule.

Awara mjini Unguja

Filamu nayo ilipata nafasi kama hiyo mapema. Katika miaka ya 1950 wakazi wa Unguja walijaa kwenye majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi, na mojawapo iliyopendwa mno ni Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa 1951. Kisa chake ni cha familia iliyosambaratika. Jaji mmoja anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku baada ya kutekwa na mhalifu. Mtoto anakulia katika ufukara, analelewa katika wizi na mhalifu yuyo huyo, na hatimaye anafikishwa mahakamani kwa kutaka kumuua jaji ambaye ni baba yake.

Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Zanzibar miongo kadhaa baadaye, akakuta kwamba waliikumbuka filamu hiyo vizuri. Watazamaji walijadiliana: je, mzazi ana haki ya kumchagulia mwanawe mchumba? Mapenzi yana nafasi gani katika ndoa? Lugha ya filamu ilikuwa ya kigeni, lakini uchungu wa mama aliyefukuzwa haukuhitaji mkalimani. Tena, kwa kuwa waliokosea walikuwa Wahindi wa kwenye pazia la sinema, kijana angeweza kumlaumu jaji yule mbele ya wazazi wake bila ya kuvunja adabu.

Riwaya yaingia ndani ya nyumba

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Ndani yake yumo Zakaria, baba mlevi anayemwadhibu bintiye Rosa vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Woga unaopandwa siku hiyo hauzai uadilifu. Rosa anapotoka chini ya macho ya baba anapotea, na mwisho anajiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda kabla ya kurejeshwa. Waliokipinga kitabu walitaja ngono iliyomo. Nadhani kilichouma zaidi ni swali lake: je, anayestahili lawama ni binti aliyepotoka au mzazi aliyemlea kwa kiboko bila mazungumzo?

Mnamo 1980 Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano, ambayo watahiniwa wa Kenya waliisoma hadi 2012. Bwana Maksuudi anamfungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna ndani ya nyumba kwa jina la heshima, ilhali yeye mwenyewe ni fasiki huko nje. Tamima anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, mkunga anaitwa bila idhini ya mume, na malipo yake ni kipigo na talaka. Maimuna anatoroka na kuangukia katika ukahaba. Mtahiniwa aandikaye kwamba Maimuna ni mhusika mwasherati amesema kweli nusu. Akitambua kwamba hasira ya Maimuna inazaliwa na kufungiwa, na kwamba uhuru wake wa ghafla ni namna ya kulipiza kisasi, amekaribia kiini cha riwaya.

Msiba usio wa nyumba moja

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilitumbukia katika ghasia. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Gusii tunayakumbuka hayo kwa karibu: mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto, na familia zilizokuwa zimeishi Bonde la Ufa kwa miaka mingi zilirudi kwa jamaa zao mikono mitupu.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014), iliyotahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022, iliyapa majonzi hayo umbo la familia. Ridhaa anapoteza mke na watoto katika nyumba iliyochomwa na jirani. Subira, mke wa Kaizari, anasimangwa kwa kuwa ametoka jamii nyingine hadi anaondoka. Umu anaachwa na mama, anafiwa na baba, kisha wadogo zake wanaibwa na mfanyakazi wa nyumbani. Lakini angalia jinsi mwandishi anavyoijenga upya familia: Mwangeka, mwana wa Ridhaa aliyenusurika, na mkewe Apondi wanampokea Umu, na baadaye ndugu hao wanakutana tena. Damu si msingi pekee wa familia, na hili ni faraja kubwa kwa mwanafunzi anayelelewa na shangazi au mhisani.

Kwa upande wa filamu, Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) inafaa kutajwa. Jo, msichana mgonjwa ambaye hatapona, anarudishwa nyumbani. Mama anataka alindwe kitandani, dada yake Mwix anataka afurahie siku zilizosalia. Hakuna mbaya kati yao. Wote wawili wanampenda, na mgogoro unatokana na upendo huo huo. Wanafunzi wetu wanahitaji kulifahamu hili, maana wamezoea kudhani kwamba kila mgogoro una mhalifu.

Darasani na katika karatasi ya mtihani

Kutokana na historia hii, mwalimu, nakushauri mambo matatu. Kwanza, muulize mwanafunzi kuhusu mhusika, usimuulize kuhusu kwao. Swali kama "Ni nani kati yenu ambaye baba yake ni kama Zakaria?" linambomolea mtoto ukuta uliokuwa ukimsitiri. Pili, fundisha majina ya hisia kwa uangalifu. Hasira hulipuka na kupoa, kinyongo huhifadhiwa. Aibu humpata mtu kwa kosa lake, fedheha aghalabu huletwa na wengine mbele ya watu. Majuto hutazama nyuma, hofu hutazama mbele. Mwanafunzi anayeweza kuitaja hisia yake ameanza kuimudu. Tatu, mtoto akilemewa, usijifanye tabibu: mpeleke kwa faragha kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Nawe mtahiniwa, swali likikutaka ujadili migogoro ya kifamilia, taja mgogoro, onyesha chanzo chake, eleza hisia inayozaliwa, kisha thibitisha kwa tukio mahususi kutoka kitabuni. "Maksuudi ni katili" ni hoja changa. "Maksuudi anamtaliki Tamima kwa sababu mkunga aliitwa, jambo linaloonyesha kwamba anathamini amri yake kuliko uhai wa mkewe" ni hoja iliyokomaa.

Wahenga walisema mficha uchungu na mbeleko humwumbua. Jamii zetu zilijua tangu zamani kwamba yapo ambayo mzazi na mwana hawawezi kuambiana ana kwa ana, zikamkabidhi nyanya kazi hiyo. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imeangukia vitabu teule na filamu, na anayevifungua mbele ya watoto ni wewe, mwalimu. Kabla ya kuandika orodha ya maudhui ubaoni, wape muda wa kumsikiliza mhusika hadi mwisho.