Magoti ya Runzewe, gome la Dundee na kikombe cha Babu

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo, tuongelee magoti.

Ukikaa na wazee wa Runzewe, waliolima pamba kwa jembe la mkono au kuchimba dhahabu wakiwa wameinama, habari za baridi yabisi hazikawii kuja. Nayo mizizi haikawii kutajwa. Siwacheki. Aspirini yenyewe asili yake ni mti.

Mwaka 1874 daktari mmoja wa Dundee, Scotland, Thomas MacLagan, alichukua salisini, kitu kichungu kinachotolewa kwenye gome la mti uitwao willow. Alianza kwa kuinywa mwenyewe: kidogo, kisha zaidi, hadi karibu gramu 2. Hakudhurika. Ndipo akawapa wagonjwa wenye homa ya baridi yabisi, watu waliovimba viungo hata kugeuka kitandani ni kazi. Homa ikashuka, maumivu yakapungua, na mwaka 1876 akachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Kinachonichekesha ni sababu ya kuchagua mti huo: aliamini ugonjwa unaletwa na hewa ya mabondeni penye majimaji, basi na dawa yake lazima iote hukohuko! Nadharia potofu kabisa. Ila alijua kila mgonjwa amekunywa kiasi gani, na baada ya muda gani nini kilitokea. Kundi la kulinganisha hakuwa nalo, leo asingepita.

Sasa rudini 2011, Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, anagawa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500. Magari yanatoka kila kona, Kanda ya Ziwa ikiwemo (Runzewe wakati huo bado ni mkoa wa Shinyanga; Geita ilikuja 2012). Kikombe kimoja kwa kila ugonjwa, na mnywaji akishaondoka hakuna anayemfuatilia. Hapo ndipo pananiuma, maana maelfu walipita na kumbukumbu karibu hatuna.

Baadaye watafiti wa Kenya walijaribu dondoo za magome ya mizizi ya mmea huohuo kwa panya, wakaona maumivu yanapungua. Si haba. Lakini panya hachuchumai shambani akipalilia. Wanaotakiwa sasa ni wagonjwa wenyewe, nusu wapewe mizizi, nusu wapewe kitu kinachofanana nayo, bila wao kujua nani kapata kipi. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asilia, kazi iliyoanza tangu 1974. Je, magoti ya wazee wetu yako kwenye foleni yao?