Chuo, Chekechea na Darasa la Awali katika Mwambao wa Bagamoyo

Husemwa mara nyingi kwamba wazee wa mwambao huu, tangu Bagamoyo hata Mapinga na Bunju, walichelewa kuwatia watoto shuleni kwa kuwa hawakuijua thamani ya elimu. Neno hilo si la haki. Kabla haijapandishwa bendera ya Mdachi, mtoto wa pwani alikuwa na chuo chake cha Kurani, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, katika habari za desturi za Waswahili zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, hakuacha kueleza jinsi mtoto alivyotiwa chuoni.

Mtoto aliketi mkekani, barazani kwa mwalimu, ubao wa mti magotini na kalamu ya tete mkononi, akiandika kwa wino wa masizi ambao ulioshwa kwa maji somo lilipokwisha kushikwa. Na wadogo wasiofikia umri wa kuandika walifuatana na kaka na dada zao, wakaitikia alif na be kwa sauti, ilhali mama zao wako shambani au ufukoni wakingoja ngalawa. Chuo, basi, kilikuwa elimu na malezi pamoja. Kilikuwa karibu na nyumba, mwalimu wake akijulikana kwa nasaba, na ada yake ikitolewa kwa kadiri mtu alivyojaaliwa. Shule iliyokuja pamoja na misheni, iliyofunguliwa Bagamoyo mwaka 1868, haikuwa na sifa hizo machoni pa Mwislamu, naye akahofu, si bila sababu, kwamba mwanawe angetoka humo na dini nyingine.

Baada ya uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanzania na vijiji vya ujamaa vilihimiza vituo vya kulelea watoto mchana, na sheria ya mwaka 1981 ikaviwekea utaratibu. Lakini Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, halikuwafikia watoto wasiotimiza umri wa darasa la kwanza: chumba, uji na posho ya mlezi vilikuwa juu ya wanakijiji, na mlezi asiyelipwa alipoondoka, aghalabu chekechea nayo ilikufa.

Ushahidi kwamba nia haikukosekana upo Mombasa, ambako mwaka 1986, kwa rai ya wazee wa Kiislamu na msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianza kuwafunza walimu wa chekechea za madrasa, ambamo mtoto alisoma Kurani na papo hapo akacheza na kuhesabu. Wazazi waliitikia, na mpango ukavuka bahari hata Zanzibar mwaka 1990.

Kwetu Tanzania Bara, Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wake kuwa wa lazima; ila kilichofungua mlango hasa ni kufutwa kwa ada Januari 2016, kwani mwaka ule ule watoto wa awali nchini walipanda kutoka takriban milioni 1 hata milioni 1.5. Na haja imezidi katika mahali kama Mapinga, ambapo mashamba ya minazi na mikorosho yamegeuka viwanja, na wahamiaji kutoka Dar es Salaam wamejenga pasipo bibi wala shangazi wa kumwachia mtoto.

Mzazi amekwisha kuitika. Kanuni yataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, ilhali katika shule nyingi za umma mmoja hukabili zaidi ya 100, akiwahesabisha kwa vizibo vya soda vinavyotoshea safu ya mbele tu. Wenye mamlaka na waajiri walimu, na waanzie na darasa hili.