Tenzi za Mwalimu na deni la hadithi ya asili

Ukitoka Musoma kwenda Mwanza unapita Kiabakari, ambako Wakatoliki huja kuhiji kwenye kituo cha Huruma ya Mungu. Jirani yake ni Butiama, alikorudi Mwalimu Julius Nyerere baada ya kung'atuka. Siasa zake zimeandikwa sana. Tenzi zake za Injili, zilizochapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996, hazijapewa nafasi zinayostahili, ingawa zinagusa swali la zamani: anayehamisha hadithi ya mwenzake ana ruhusa ya kuongeza nini?

Utenzi una masharti. Ubeti mmoja ni mishororo minne ya mizani minane, yaani mizani 32, na kina cha mshororo wa mwisho hurudi kila ubeti hadi tamati. Sasa chukua Yohana 11:35, kabla ya kufika kaburini kwa Lazaro. Habari yote ni kwamba Yesu alilia, basi. Haijazi hata robo ya ubeti. Mtunzi ama ataiunganisha na aya inayofuata, Wayahudi wanaposema jinsi alivyompenda marehemu, ama atatunga mashavu yaliyolowa na akina mama waliojiinamia. Njia ya kwanza inabaki ndani ya Yohana. Ya pili imeshatoka, hata kama imetoka kwa heshima.

Watunzi wa pwani walitoka mbali zaidi. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, beti zaidi ya elfu moja juu ya vita kati ya jeshi la Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi. Katika historia, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirudi Madina bila kupigana na Warumi. Vita vyenyewe vilikuzwa na wasimulizi wa Kiarabu, na Mwengo akavipa mapanga, farasi na majina. Hapo nyongeza haikukaa pembeni ya kisa; ndiyo iliyokuwa kisa, na sisi tumerithi utenzi mkubwa.

Vijana wanaofuatilia katuni za Kijapani wanaujua ubishi huu. Naruto ya Masashi Kishimoto ilianza gazetini mwaka 1999, ikaingia runingani 2002. Kipindi kimoja kilimeza kurasa nyingi kuliko alizochora mwandishi kwa wiki, runinga ikamfikia. Kuanzia sehemu ya 136 hadi 220, karibu zote zilitungwa na watu wa runinga huku wakimsubiri. Hawakuweza kumuua mhusika ambaye Kishimoto bado alimhitaji, wala kumpa nguvu mpya, kwa hiyo Naruto anatumwa, anapigana, anarudi kijijini vile vile alivyoondoka. Visa hivyo havipingani na hadithi ya asili, lakini kwangu kutopingana hakutoshi. Afadhali kile kisa cha Dragon Ball Z ambapo Goku na Piccolo wanajifunza kuendesha gari. Mwandishi wake, Akira Toriyama, hakukichora, na bado ni wao kabisa, kwa tabia na kwa hasira zao.

Mwalimu angeweza kufuata njia ya Mwengo, nyenzo zilikuwepo. Lakini huyu ni mtu aliyetafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, kwa sababu ya kwanza haikumridhisha. Uangalifu huo unaonekana katika mpango wa tenzi zake. Hakuchanganya Injili nne kuwa hadithi moja ndefu yenye kila kitu. Mathayo ana kitabu chake, Marko chake, Luka chake, Yohana chake, na Matendo ya Mitume chake.

Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Marko hasimulii kuzaliwa kwa Yesu hata kidogo; anaanza na Yohana Mbatizaji jangwani. Kwa mpango wa Mwalimu, anayewatafuta mamajusi afungue Mathayo, na anayewatafuta wachungaji afungue Luka.