Kanisa, Eklezya, Jamaa: Maneno Matatu ya Wakatoliki wa Katanga

Mkatoliki wa Lubumbashi asemaye Kiswahili ana maneno mawili pale ambapo Mfaransa ana moja tu. Jengo la sala ni kanisa. Jumuiya ya waamini, pamoja na maaskofu na Papa wao, ni Eklezya. Kifaransa hutumia neno église kwa yote mawili, kisha hutegemea herufi kubwa kuyatenganisha, nayo herufi kubwa haisikiki mdomoni. Ni kawaida tofauti hii kusifiwa kama utajiri wa Kiswahili cha Kikatoliki cha Kongo. Sifa hiyo ina ukweli, lakini historia ya maneno yenyewe yaonyesha kwamba utajiri huo ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa hasa na wale waliokaa kwenye mabenchi.

Kwanza kuna jambo la kushangaza kidogo. Neno kanisa, ambalo mjini Lubumbashi humwelekeza msikilizaji kwenye matofali na mnara, halikuzaliwa kwa maana ya jengo. Lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Kiarabu kililipata kutoka Kiaramu, ambamo mzizi wake wamaanisha kukusanya. Kiebrania kina ndugu yake, knesset, ambalo leo ni jina la bunge la Israeli. Eklezya nalo latoka Kiyunani, ekklesia, mkutano wa raia walioitwa watoke majumbani mwao. Kwa asili, basi, maneno haya mawili yalisema jambo moja: watu waliokutana. Lililo kweli neno la jengo ni lile la Wazungu wa kaskazini, yaani Kirche la Wajerumani na church la Waingereza, yanayotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya “kilicho cha Bwana”. Kiswahili kiliwahi pia kupokea neno la Wareno, igreja. Wataalamu wengi hulihesabu kuwa ndilo lililozaa gereza. Safari ya kutoka nyumba ya ibada hadi ngome, na kutoka ngome hadi kifungo, yatosha kuonyesha jinsi jina la watu linavyoweza kuishia ukutani.

Kuhama huku kwa maana si kosa la Kiswahili. Wakristo wa karne za kwanza walikutana katika nyumba za kuishi, na nyumba iliyogunduliwa huko Dura-Europos, nchini Syria, ambayo iligeuzwa mahali pa ibada katika karne ya 3, ni shahidi wake. Walipoanza kujenga, jina la mkutano likapewa nyumba ya mkutano. Hata hivyo jina halikuwaacha watu: neno moja liliendelea kubeba maana zote mbili, na kila aliyelitamka aliweza kukumbushwa ya pili.

Katanga mambo yalikwenda vingine. Mapadri Weupe waliingia Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Katika kufundisha dini kwa Kiswahili, wamisionari Wakatoliki walipenda kuhifadhi maneno ya Kilatini kwa mambo waliyoyaona kuwa mazito: misa, sakramenti, na pamoja nayo Eklezya. Waprotestanti walichagua njia nyingine. Katika Biblia zao ekklesia ni kanisa, na katika Injili ya Mathayo, sura ya 16, Yesu huahidi kulijenga. Kitenzi hicho kikisimama karibu na neno kanisa, sikio lisilo na katekisimu huona mafundi na chokaa. Pengine Wakatoliki walikwepa hatari hiyo. Lakini neno walilolileta lilikuwa geni. Lilisikika katika Sala ya Imani na katika mahubiri, halikusikika sokoni.

Sarufi yatoa ushahidi wake. Kanisa ni neno la nyumbani: lina wingi, makanisa, hupokea kiambishi cha mahali, kanisani, au kwa desturi ya Lubumbashi, ku kanisa na mu kanisa. Eklezya halina wingi wa kawaida, na hakuna aliyesema “eklezyani”. Zaidi ya hayo, halikuzaa jina la mtu. Aliyebatizwa huitwa mkristo au mwamini. Hana jina linalotokana na Eklezya ambayo yeye, kwa mafundisho ya imani yake, ni sehemu yake. Hivyo neno la karibu lilibaki na matofali, na neno lililokusudiwa watu likawa mbali na watu. Si ajabu kwamba katika masikio ya wengi Eklezya ilikuwa ni wale waliosema kwa jina lake: askofu, padri, misioni.

Hali ya mji ilisaidia uelewa huo. Elisabethville iliundwa mwaka 1910, na mwaka huohuo Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne akawekwa kuwa Prefekti wa Kitume wa Katanga. Aliliongoza eneo hilo hadi kufa kwake mwaka 1958. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa takriban mwaka 1920, lilisimama katika mji wa Wazungu, nao mji huo ulitengwa na mitaa ya Waafrika kwa ukanda mtupu wa ardhi. Mahali lilipowekwa jengo palikuwa tayari ni mafundisho, hata kama hapakuwa na padri aliyeyatamka.

Ni katika mazingira hayo ndipo neno la tatu lilipoingia. Mfransisko Placide Tempels alikuwa amechapisha mjini Elisabethville, mwaka 1945, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. De Hemptinne alikipinga kwa nguvu, na Tempels akalazimika kukaa Ubelgiji kwa miaka kadhaa. Aliporudi, alifanya kazi miongoni mwa wachimba madini wa Kolwezi, na huko, mnamo 1953, Jamaa ilianza kuonekana. Haikuwa chama chenye kadi. Ilikuwa ni mume na mke waliopokea mafundisho kwa Kiswahili, wakaitwa baba na mama, wakawa na watoto wao wa kiroho. Padri naye aliingia katika undugu huo. Mafundisho yalizunguka mawazo matatu makuu: uzima, uzazi na mapendo. Nyumba za kampuni, zilizojengwa kwa safu ili kutunza nguvu kazi, zikawa mahali pa kuzungumza habari za Mungu usiku.

Uteuzi wa neno jamaa ni wa kuzingatiwa. Nalo ni la Kiarabu, nalo latoka katika mzizi wa kukusanya, kama jumuiya na Ijumaa. Ila katika Kiswahili lilikuwa limekwisha kaa nyumbani kwa muda mrefu, likimaanisha watu wa ukoo. Tena lilizaa mara moja jina la watu: wafuasi wake wakaitwa bajamaa, kwa kiambishi cha watu. Kile ambacho Eklezya haikuweza kukipata, Jamaa ilikipata bila jitihada.

Baadaye mafundisho rasmi yalisogea upande huo. Maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu wa 1961, walichagua jumuiya hai za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji. Hati ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili juu ya Eklezya, ya Novemba 1964, iliweka sura ya Taifa la Mungu kabla ya sura ya maaskofu, na mpangilio huo haukuwa wa bahati. Mtu angetazamia kwamba Jamaa ingepumua.

Haikuwa hivyo. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, na katika miaka ya 1970 maaskofu walichukua hatua dhidi ya Jamaa, wakidai utii na wakishutumu upotofu katika baadhi ya makundi yake. Si haki kuwahukumu maaskofu hao kana kwamba walijali mamlaka yao tu. Eugène Kabanga, askofu mkuu wa Lubumbashi, ndiye aliyeandika mwaka 1976 barua yake maarufu, “Je suis un homme”, akiutetea utu mbele ya utawala uliozoea kunyamaziwa. Lakini mgogoro na Jamaa haukuwa juu ya maadili peke yake. Uligusa swali la nani awezaye kusema “sisi ni Eklezya” bila kuomba ruhusa.

Waliojitenga walichukua jina la Jamaa Takatifu Katolika. Sifa mbili za Sala ya Imani walizihifadhi zote; walibadilisha nomino peke yake.